Mtindi Uliochachuka Huzuia Bakteria Gani?

Mgonjwa mwenye homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo huulizwa kama amekunywa maziwa mabichi, naye hukana. Akiulizwa kuhusu mtindi, hukubali bila wasiwasi, kwa kuwa kwake maziwa yaliyochachuka si mabichi tena. Ikiwa ugonjwa wake ni brusela, dhana hiyo itamgharimu matibabu ya wiki 6 au zaidi.

Dhana hiyo haikuzuka bure. Bakteria wa asidi laktiki hula sukari ya maziwa na kutoa asidi, hata pH ikashuka kutoka takriban 6.6 hadi karibu 4.5, kadiri pH inavyoshuka, ndivyo uchachu unavyozidi. Sehemu ya asidi hiyo haina chaji, na kwa sababu hiyo hupenya utando wa bakteria wengine kwa urahisi. Ikishaingia ndani, ambako hakuna uchachu, huachia haidrojeni. Bakteria aliyevamiwa hulazimika kutumia nishati yake kuisukuma nje, asipate ya kukulia. Angalia kwamba huku ni kuzuiwa kukua; kufa ni jambo jingine, nalo huchukua muda.

Baadhi yao hutoa pia protini ndogo zenye kuua. Inayojulikana zaidi ni nisini ya Lactococcus lactis, iliyoelezwa mwaka 1928 na inayotumika kuhifadhi jibini. Hutoboa utando wa bakteria kama Listeria, lakini E. coli na Salmonella wana utando wa nje unaowakinga. Katika maabara nguvu hii hupimwa kwa upana wa duara jeupe, lisiloota kitu, kwenye sahani yenye bakteria. Asidi isipoondolewa kwanza, duara hilo laweza kuwa kazi ya asidi peke yake. Wauzaji wa virutubisho hupenda kuonyesha picha zake. Binafsi sioni kuwa sahani ni tumbo la mtu.

Ushahidi ninaouthamini zaidi unatoka Tanzania. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwafuatilia watoto wadogo waliokula uji wa nafaka uliochachushwa, jamaa ya togwa, wakaona kwamba waliharisha mara chache kuliko waliokula uji usiochachushwa. Lakini uji huo hupikwa kwanza, ndipo huchachushwa. Moto huua vimelea, kisha asidi huwazuia watakaoingia baadaye.

Mtindi wa maziwa mabichi hauna hatua ile ya moto. Brusela waweza kuishi humo kwa siku kadhaa, na bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, mwenye ukuta wa nta, huvumilia asidi. Kufukiza kibuyu kwa moshi hakuchukui nafasi ya kuchemsha.

Basi chemsha maziwa mpaka yatokote, yaache yapoe yawe vuguvugu, kisha tia vijiko viwili vya mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa, ufunike kwa chombo safi. Usitumie masalia ya kibuyu cha maziwa mabichi, maana utairudisha hatari uliyoiondoa. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi (ORS) na zinki. Mtindi ni chakula chake, si dawa.

Kwa mhudumu wa afya, swali la kumwuliza mgonjwa mwenye homa ya muda mrefu ni hili: "Mtindi uliokunywa, maziwa yake yalichemshwa kabla ya kugandishwa?"