Kadi ya SD haijibu: vipimo vyake vinapatikana wapi?

SWALI: Natengeneza kifaa cha kurekodi joto la tangi la maziwa kwa mikrokontrola. Kadi ya SD nimeiunganisha kwa SPI, lakini haijibu. Nyaraka zake za kiufundi nitazipata wapi bila kulipa?

JIBU: Waendee wenyewe. SD Association, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Panasonic, SanDisk na Toshiba, hutoa bure kwenye tovuti yake toleo lililofupishwa la vipimo vya kadi, Physical Layer Simplified Specification. Toleo kamili ni la wanachama, ila kwa kazi yako hulihitaji. Fungua sura ya 7, inayohusu SPI, na uisome yote. Vipande vya programu vya kunakili huku na huku vinaficha mambo ambayo sura hiyo inayasema waziwazi.

Kwanza umeme: kadi hutumia volti 2.7 hadi 3.6, kwa hiyo usiipe ishara za volti 5 moja kwa moja.

Kisha mwanzo wenyewe, na hapa ndipo wengi hukwama. Saa ya SPI iwe kati ya kHz 100 na 400. Ukiwa umeacha CS na laini ya data juu, tuma mapigo yasiyopungua 74. Shusha CS, tuma CMD0 ikiishia na baiti 0x95, usubiri jibu 0x01. Fuata na CMD8, halafu rudia ACMD41 hadi jibu liwe 0x00. Hapo ndipo unaweza kuongeza kasi.

Epuka kadi za SDUC: hazina SPI kabisa.