SOMO: KAMBA YA NGANO NA KAMBI YA MKONGE



Neno utandawazi limekuwa neno la semina. Likitajwa, watu hufikiria televisheni, mavazi ya vijana na nyimbo za kigeni. Somo hili linaanzia mahali penye miiba. Tutatazama mashamba ya mkonge ya Tanga, nchini Tanzania, kwa sababu huko biashara ya dunia ilikusanya watu wa nchi jirani, ikawafanya jamii mpya, halafu ikaondoka ikawaacha. Wenzetu wa chai, miwa na nguo wataona wenyewe panapowahusu.

Mkonge si mmea wa Afrika. Asili yake ni Meksiko, na jina lake la Kizungu, sisal, ni la bandari ya huko ambako singa zilipakiwa melini. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana nayo mashamba yakaenea. Kwa nini mtu ahangaike hivyo kwa miche 62? Kwa sababu mashine za kuvunia ngano za Marekani na Ulaya zilihitaji kamba ya kufungia miganda. Mkulima wa ngano hakumjua mtu wa Pangani, wala hakuwa na haja ya kumjua. Alitaka kamba.

Sasa tuangalie kazi yenyewe, maana hapo ndipo maisha ya watu yalipogeuzwa. Jani la mkonge likishakatwa halingoji. Lisipopitishwa kwenye korona mapema, linakauka na singa zinaharibika. Tena katika kilo 100 za majani, singa ni kama kilo 4 tu. Hakuna faida kuyasafirisha majani mbali. Kwa hiyo korona lazima iwe shambani, penye maji na reli. Na mkonge hauna msimu kama kahawa: hukatwa mwaka mzima, miaka mingi, mpaka utoe mlingoti. Mwenye shamba alihitaji watu wengi wakae papo hapo kila siku. Wabondei na Wasambaa waliokuwa jirani walikuwa na mashamba yao, na wengi waliukataa mkataba. Ndipo watu wakatafutwa mbali: Waha wa Kigoma, Wanyamwezi, Wabena, Wangoni, Warundi, Wamakonde wa Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuajiri, SILABU. Kila mtu alipewa namba, na kutokana na namba hizo wakaitwa manamba. Hata leo jina hilo linauma.

Mshahara ulipimwa kwa mwanamume aliye peke yake, kana kwamba mke na watoto hawali, au wanalishwa na shamba la nyumbani. Na kweli walilishwa na shamba la nyumbani. Jembe lote likabaki kwa mama kule Buha na Urundi, na jasho lake likaingia katika bei ya kamba bila kuandikwa katika daftari lolote.

Wapo wanaosema mila zilikufia kambini. Mimi siafiki. Tazameni jambo la mazishi. Kwetu maiti huzikwa na jamaa zake: kuna wa kuosha, wa kuchimba, wa kusimamia matanga. Manamba hakuwa na mjomba hapo, wala shangazi. Nikifa, nani atanizika? Swali hilo lilimkosesha mtu usingizi kuliko nyapara. Jibu lilipatikana katika utani. Kwa desturi ya zamani, makabila yaliyowahi kupigana au kufanya biashara yalitaniana, na mtani ana haki ya kukutukana na wajibu wa kukuzika. Kambini utani huo ukapanuliwa, hata watu ambao babu zao hawakuwahi kuonana wakawa watani. Hiyo ni mila iliyofanya kazi ambayo haikuwahi kuifanya kabla.

Ngoma nazo zilikuwa hivyo hivyo. Beni ilianzia mijini pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikiiga bendi za kijeshi za Wazungu. Ilienea bara ikiwa na vyama vyake, Marini na Arinoti, vyenye vyeo vya ufalme na ukanali. Mzungu aliona kichekesho. Lakini ndani ya chama hicho watu walichangiana wakati wa ugonjwa na msiba, na walijifunza kuchagua viongozi na kutunza fedha. Kiswahili kikawa lugha ya kambi, kisha lugha ya kwanza ya watoto waliozaliwa humo.

Jamii hii haikubaki kucheza tu. Wamakonde wa mashamba walianzisha vyama vyao, na kutokana navyo kikapatikana chama cha MANU, kimojawapo cha vile vitatu vilivyoungana Dar es Salaam mwaka 1962 kuunda FRELIMO. Wafanyakazi wa mkonge walipata chama chao, kiongozi wake akiwa Victor Mkello, na mgomo wa Mazinde wa 1958 ulionyesha kwamba Muha na Mmakonde wanaweza kuweka panga chini siku moja.

Halafu kamba ikapatikana kwingine. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa tani 230,000 hivi za singa, kiasi ambacho haijafikia tena. Kamba ya plastiki iliingia sokoni, Brazil nayo ikauza nyingi, bei ikaanguka. Wengine huitupia lawama yote serikali iliyotaifisha mashamba mengi mwaka 1967. Uendeshaji mbaya ulikuwepo, lakini bei ilikuwa imeanza kushuka kabla ya hapo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa chini ya tani 30,000. Korona zikanyamaza, reli za toroli zikaota majani. Wazee waliokuja vijana walibaki kambini: kwao hawana shamba tena, na chumba walicholala miaka 40 ni mali ya shamba.

Mkonge wenyewe haujafa. Singa sasa zinanunuliwa China, na Saudi Arabia hutiwa katika jasi ya dari na kuta. Mashamba yalibinafsishwa, na tangu 1999, mahali kama Hale, Magoma na Ngombezi, baadhi ya ardhi iligawiwa wakulima wadogo. Wanapanda mkonge na kuupeleka kwenye korona. Ni hatua, maana mtu ana ngwe yake mwenyewe. Lakini bei ya dunia ikianguka sasa humwangukia yeye moja kwa moja, na hana karani wa kumdai mshahara. Wamejiunga katika ushirika. Je, mtu huyo ni mfanyakazi au ni mkulima? Chama cha wafanyakazi kinaweza kumsemea?

Tawi lizungumze swali hilo kwanza. Kisha lizungumze haya: nyumba unayolala ni ya nani siku kazi itakapokwisha? Mfuko wenu wa kuzikana umeandikishwa kwa jina la nani, wenu au la mwajiri? Wastaafu waalikwe katika mkutano huo, wasimulie walivyozikana kabla ya kuwepo mfuko.