Usitoke na tumbo tupu! Chapati laini za jibini

Leo asubuhi ulikula nini kabla ya kwenda shule? Chai ya rangi tupu? Au ulitoka mbio kwa kuogopa kengele?

Nakuuliza kwa sababu yamenikuta. Nilipokuwa kidato cha pili nilianguka paredi, mbele ya shule nzima. Wenzangu wakaanza kunong'ona, "Huyo ana mimba." Mwalimu wa zamu naye akaniita ofisini kunihoji. Kumbe njaa! Tangu ugali wa jana yake jioni sikuwa nimetia kitu tumboni.

Ubongo wako unatumia sukari iliyomo kwenye damu muda wote, hata ukilala. Asubuhi unahitaji chakula cha kukupa nguvu, na pia protini, kwa kuwa mwili wako bado unakua. Chapati hizi zina vyote viwili.

Waitaliano wana jibini laini liitwalo rikota. Maana ya jina hilo ni "iliyopikwa tena", kwa sababu hutengenezwa kwa kuchemsha tena maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini jingine. La kwetu leo ni ndugu yake: tunagandisha maziwa yenyewe kwa ndimu.

MAHITAJI (watu 4)
- Maziwa lita 1
- Juisi ya ndimu vijiko 3 vya chakula
- Mayai 2
- Unga wa ngano robo tatu ya kikombe
- Beking pauda kijiko 1 cha chai
- Sukari kijiko 1 cha chakula, chumvi kidogo, mafuta kidogo

NAMNA YA KUPIKA
1. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maziwa mpaka yatokote. Usiruke hatua hii! Maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu.
2. Epua. Tia ndimu kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu. Ukali wa ndimu unafanya protini ya maziwa ishikane mabonge. Acha dakika 10.
3. Chuja kwa kitambaa safi, acha yajichuje dakika 20. Mabonge hayo ndiyo jibini. Maji yake usimwage.
4. Changanya jibini, viini vya mayai, sukari, chumvi na nusu kikombe cha yale maji. Ongeza unga na beking pauda.
5. Piga ute mweupe wa mayai kwa uma mpaka uwe povu zito, kisha uchanganye polepole. Hewa iliyo ndani ya povu, pamoja na beking pauda, ndivyo vinavyoumua chapati, kwa hiyo usikoroge kwa nguvu.
6. Paka kikaango mafuta, mimina upawa mdogo, pika kwa moto mdogo. Vitobo vikitokea juu, geuza. Hakikisha katikati pameiva, maana mayai mabichi yanaweza kukuharisha.

Kula zikiwa moto, pamoja na papai au ndizi mbivu. Kama hamna friji, jibini liishe siku hiyo hiyo.

Najua utasema: "Dada, lita nzima ya maziwa kila siku nitaitoa wapi?" Kweli kabisa. Hizi ni za Jumamosi. Siku za shule viazi vitamu, uji wenye karanga, au kiporo kilichopashwa moto mpaka kikatokota vinatosha. Na nyie kaka zangu, sufuria haiulizi kama wewe ni mvulana au msichana. Ingieni jikoni!

JIPIME
- Kwa nini tunachemsha maziwa kwanza?
- Ni vitu gani vinavyoumua chapati hizi?
- Kesho asubuhi utakula nini?

Na mwenzako akianguka paredi, usimtazame tumbo. Msaidie alale kivulini, ita mwalimu, na akizinduka muulize, "Umekula?" Ikijirudia, aende zahanati akapimwe. Umbea haujamponya mtu.