Toba ya Kaab bin Malik

Ndugu zetu Waislamu, katika kumi la mwisho la Ramadhani, inapoombwa dua ya khitma, huwaona watu wakilia hata leso zikarowa. Hilo ni jema, wala hatumkatazi mtu kulia. Walakini wako wanaodhani kuwa chozi lenyewe ndiyo toba, na kukipambazuka mali ya yatima iko vile vile mikononi mwao; ilhali maulamaa wameshurutisha kuwa haki ya mtu irudishwe kwa mwenyewe. Basi na tuitazame toba ya Sahaba mmoja, kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim.

Mwaka wa 9 wa Hijra (630) Mtume (s.a.w.) alitoka kwenda Tabuk, wakati wa joto kali na matunda ya Madina yameiva. Kaab bin Malik, Ansari na mshairi, alibaki nyuma pasi na udhuru. Kila siku akisema atajitengeza kesho. Mtume aliporejea, watu zaidi ya 80 walimwendea wakaapa na kutoa nyudhuru zao, naye akazipokea kwa dhahiri yake, siri zao akamwachia Mwenyezi Mungu.

Kaab alikuwa hodari wa maneno. Lau angetaka, angalitunga udhuru wa kupendeza. Akasema kweli, kuwa hana udhuru. Yeye na wenziwe wawili, Murara bin Rabi' na Hilal bin Umayya, watu wakakatazwa kusema nao. Wale wawili walikaa majumbani mwao wakilia. Kaab akenda msikitini na sokoni, wala hapana aliyesema naye. Siku moja akaparamia ukuta wa shamba la Abu Qatada, binamu yake aliyempenda mno, akamwuliza kwa haki ya Mungu kama hajui kuwa yeye ampenda Mungu na Mtume wake. Mara ya tatu ndipo akajibiwa kuwa Mungu na Mtume wake ndio wajuao. Hapo machozi yakamtoka. Tazameni: chozi hili hakulitafuta, lilimjia kwa kuwa amekataa uwongo uliokuwa karibu na ulimi wake.

Siku ya 50, baada ya sala ya alfajiri, akasikia ukelele juu ya jabali la Sal' ukimpa bishara. Akaanguka akasujudu. Mpiga ukelele alipofika, Kaab akamvulia nguo zake mbili, na siku ile hakuwa na nyingine. Akaazima, akaenda msikitini. Talha bin Ubaydullah akainuka mbio kumpa mkono, na Kaab hakumsahau Talha kwa jambo hilo.