SOMO: BARUA YA KOSA LA NAULI ISILALE KABATINI



Somo la mara hii halihusu mshahara wala likizo. Linahusu nauli ya treni huko Uingereza. Najua wengine watauliza: sisi wachuma chai na watu wa viwandani tuna shughuli gani na treni ya Uingereza? Shughuli ipo. Mwaka 2022 nchi ile ilifungua mlango kwa wafanyakazi wa kigeni wa kutunza wazee na wagonjwa, na vijana wa Afrika Mashariki wakawa miongoni mwa waliokwenda. Wengine nauli ya ndege ilitoka kwenye ng'ombe wa baba na mkopo wa mama. Kijana akipata hatia kule, hasara inarudi nyumbani.

Mwaka 2023 alikuja ofisini kwetu mzee mmoja, mchuma chai wa siku nyingi, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Binti yake alikuwa ametuma picha yake kwa simu, naye akaitoa kwenye karatasi dukani.

"Katibu," akasema, "mtoto ameandikiwa kuwa ni mhalifu. Ameiba nini?"

Hakuiba kitu. Alikuwa na tiketi ya wiki, nayo ilikwisha usiku wa jana yake. Alfajiri alikimbilia zamu, akapanda treni, mkaguzi akamkuta na tiketi iliyokufa. Akatoa jina na anwani ya kweli, akaambiwa ataandikiwa. Lakini baada ya wiki tatu alihama chumba, kama wanavyohama watu wote wa kima cha chini. Barua zikaenda nyumba ya zamani, zikakaa juu ya kabati pamoja na matangazo ya biashara. Hakujibu, maana hakuona. Hakimu akamtia hatiani bila kumwona uso. Nauli iliyopungua haikufika pauni 5. Faini na gharama zilipita pauni 400.

Basi hapa ndipo kiini cha somo. Katika makosa haya, tiketi humtia mtu matatani, lakini mara nyingi barua isiyojibiwa ndiyo humwangamiza.

Tuangalie sheria zenyewe. Kuna njia tatu, na lazima mtu ajue yuko katika ipi. Ya kwanza ni nauli ya adhabu. Tangu Januari 2023, katika England, hii ni pauni 100 pamoja na nauli ya safari. Ukilipa ndani ya siku 21 inashuka kuwa pauni 50 pamoja na nauli. Hii si hatia ya mahakama. Ukiona umeonewa, kata rufani ndani ya siku hizo hizo 21.

Ya pili ni sheria ndogo ya reli namba 18. Hii ni kali kwa namna yake, kwani haiulizi ulikusudia nini. Umepanda bila tiketi halali, basi. Faini yake inaweza kufika pauni 1,000. Umepona ikiwa stesheni uliyopandia haikuwa na dirisha wala mashine ya tiketi iliyokuwa ikifanya kazi. Kwa hiyo ukikuta mashine imekufa, ipige picha kabla ya kupanda.

Ya tatu ndiyo nzito, sheria ya reli ya mwaka 1889, kifungu cha 5. Naam, 1889, reli ya Mombasa ilikuwa haijaanza kujengwa! Hiyo inamhusu aliyesafiri kwa nia ya kukwepa nauli, na pia aliyetoa jina au anwani ya uongo. Faini ni hadi pauni 1,000, au kifungo hadi miezi mitatu. Hapa mshitaki lazima aonyeshe nia, na ushahidi wa nia mara nyingi hutoka katika kinywa cha mshitakiwa mwenyewe. Mkaguzi akianza kuandika maneno yako, usifanye mzaha. Kijana anayesema "ah, kila mtu hufanya hivi" amejifungia mlango. Sema la kweli kwa kifupi, toa jina lako na anwani yako, nyamaza. Usikimbie, wala usimtukane mkaguzi. Naye ni mfanyakazi wa zamu, na wengi wao ni wanachama wa chama cha wafanyakazi wa reli kama wewe ulivyo mwanachama wa chama chetu.

(Mimi sisemi haya kama mtakatifu. Nilipokuwa kijana nilidandia treni, na siku niliyoshikwa nilitoa jina la ndugu yangu. Yeye ndiye aliyetafutwa. Hadi leo tukikutana kwenye sherehe ananikumbusha.)

Sasa, barua. Kampuni ya reli kwa kawaida huandika kwanza kuuliza maelezo yako. Barua hii ndiyo nafasi nzuri kuliko zote, kwa sababu kesi bado haijafika kwa hakimu, na kampuni nyingi hukubali kumaliza nje ya mahakama mtu akilipa nauli na gharama zao. Jibu kwa maandishi. Taja namba ya kesi, eleza jinsi ilivyokuwa, omba radhi kama kosa ni lako, sema kazi yako na kile hatia itakachokifanyia, toa ahadi ya kulipa. Usiandike uongo hata mmoja, maana wanaweza kuwa na kumbukumbu za tiketi ulizonunua kwa kadi au simu. Weka nakala.

Usipojibu, au msipopatana, inaweza kuja karatasi ya mashitaka ambayo husomwa na hakimu mmoja pamoja na mshauri wake wa sheria, bila wewe kuitwa. Una siku 21 za kujibu kama unakiri au unakana. Ukikana unapata haki ya kusikilizwa mahakamani. Ukikaa kimya, hakimu anaamua kwa karatasi za upande mmoja.

Na kama hukuiona barua kamwe, kama binti yule? Huko mtu huapa kiapo cha kisheria kwamba hakujua habari za kesi, ndani ya siku 21 tangu siku aliyojua, na hukumu hufutwa ili kesi ianze upya. Nilimwuliza mzee, "Umekaa na karatasi hii siku ngapi?" Akasema siku tisa; aliona aibu kuileta. Mwanasheria wa makao makuu akamwandikia binti maelezo jioni ile ile. Akaapa, kesi ikafunguliwa tena, akaiandikia kampuni, akalipa nauli na gharama, nao wakaiondoa kesi. Bila hivyo angeibeba hatia ile hadi kwenye fomu ya viza. Fomu zile huuliza kama umewahi kutiwa hatiani. Ukificha na ikagundulika, uongo huo unakuwa mzigo mkubwa kuliko faini yenyewe.

Msidhani kwamba mahakama haikosei. Agosti 2024, hakimu mkuu wa mahakama za chini huko, Paul Goldspring, alitamka kwamba kesi za nauli zilizopitishwa kwa hakimu mmoja chini ya ile sheria ya 1889 zilikuwa batili, kwa sababu sheria haikuruhusu njia hiyo kutumika kwa kosa hilo. Zilikuwa takriban kesi 74,000. Kesi ya binti yetu isingekuwamo, maana karatasi yake ilitaja sheria ndogo namba 18. Mnaona kwa nini nasema msome namba ya sheria kabla ya kusoma kiasi cha fedha?

Jambo moja linaniuma. Bwana mmoja mkubwa wa mambo ya fedha London alikwepa sehemu ya nauli yake kwa miaka, na aliposhikwa mwaka 2013 akalipa takriban pauni 43,000 kwa siku chache tu, asipelekwe mahakamani. Ni kweli mwaka 2014 alipigwa marufuku kufanya kazi za fedha. Lakini mahakamani hakufika. Mlango ule ule wa kulipa na kupatana ulikuwa wazi hata kwa mtunza wazee aliyepungukiwa pauni 5, ila yeye hakuwa na wa kumwambia kwamba upo.

Kwa hiyo vikundi vya masomo wakumbusheni wazazi: mtoto akihama chumba, aiandikie kampuni ya reli anwani mpya kama jambo lake halijaisha. Mwenye karatasi ya namna hii ailete ofisi ya tawi siku hiyo hiyo. Mtoto apige picha bahasha pia, kwa maana muhuri wa tarehe, kama upo, uko juu ya bahasha.