Kutandika Zulia juu ya Simiti Bila Msumari: Mwongozo kwa Nyumba za Kando ya Mto Tana

Ukiingia katika nyumba nyingi za mawe mjini Garsen, Minjila, Ngao au Hola siku hizi, utakuta sakafu ya simiti imefunikwa. Baadhi ya wakaazi wametandika zulia la manyoya, wengine mkeka wa mbao, yaani ule wa plastiki wenye michoro ya mbao ambao umeenea kote nchini. Ni gharama ambayo familia huipanga kwa miezi kadhaa. Inaumiza basi kuona zulia likianza kunuka uvundo, kuota ukungu au kuinuka pembeni kabla ya mwaka kuisha. Mara nyingi chanzo kiko chini yake: sakafu haikukaguliwa, au zulia lilikazwa kwa misumari.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupima sakafu, kuitayarisha, na kutandika zulia bila kutumia hata msumari mmoja. Yanaeleza pia jinsi ya kulitandika ili uweze kuliondoa haraka maji ya mto yakipanda. Kwetu hapa, jambo hilo la mwisho lina uzito sawa na urembo wa chumba.

Kwa nini sakafu zetu zina unyevu

Katika nchi za baridi, mafundi wa mazulia huogopa zaidi vyumba vilivyochimbwa chini ya ardhi, kwa kuwa udongo uliovizunguka huwa na maji kila wakati. Nyumba zetu hazina vyumba hivyo, lakini sehemu kubwa ya Tana Delta iko kwenye uwanda wa mafuriko na maji hayako mbali chini ya ardhi. Udongo mweusi wa mfinyanzi ulioko sehemu nyingi hushika maji kwa muda mrefu baada ya mvua. Ukikauka, hunywea na kupasuka.

Simiti huonekana ngumu kama jiwe, lakini ndani yake mna vitundu vidogo sana. Maji hupanda kupitia vitundu hivyo jinsi mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Sakafu ikiwa wazi, unyevu huo hutoka hewani bila wewe kuona. Ukiifunika kwa plastiki au zulia zito, unanaswa chini. Hapo ndipo uvundo na ukungu huanza, na anayeumia kwanza ni mtoto anayelala chini au mtu mwenye pumu.

Nyumba iliyojengwa vizuri huwekewa polithini nzito ya ujenzi kati ya kifusi na zege ili kuzuia maji kupanda. Ikiwa unajenga sasa, usiruke hatua hiyo. Marufuku iliyoanza Agosti 2017 ilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia bidhaa. Polithini ya ujenzi haimo.

Madhara ya msumari

Fundi anayezoea sakafu za mbao hupigilia misumari pembeni, au huweka vipande vyembamba vya mbao vyenye meno ya kushikilia zulia. Kwenye simiti, mbinu hiyo huleta hasara nne.

Kwanza, tabaka la juu la sakafu, yaani niru, ni jembamba. Msumari wa simiti huipasua au kuibambua, na ufa huo huwa njia mpya ya unyevu na ya mchwa. Pili, msumari hushika kutu haraka katika hewa yetu yenye unyevu, huchafua zulia, na kichwa chake kikichomoza humdunga mtoto anayetembea pekupeku. Tatu, mpangaji anaweza kukatwa pesa za amana kwa kila tundu. Nne, siku ya mafuriko, zulia lililopigiliwa haling'oki bila kuchanika.

Hatua ya kwanza: pima unyevu

Kipimo hiki hakihitaji mashine. Chukua karatasi ya plastiki angavu ya takriban nusu mita kwa nusu mita. Safisha sakafu, iweke, kisha ifunge kingo zote nne kwa utepe wa kunata ili hewa isipite. Fanya hivyo katikati ya chumba na pia karibu na ukuta wa nje. Iache usiku kucha, na ikiwezekana siku mbili.

Ukiifungua na kukuta matone upande wa chini, au simiti imebadilika rangi na kuwa nyeusi kuliko sehemu nyingine, unyevu unapanda kutoka ardhini. Usitandike. Matone yakiwa juu ya plastiki pekee, yametoka hewani, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Sakafu mpya ina hesabu yake. Zege hufikia nguvu yake ya kawaida baada ya siku 28, lakini kukauka ni jambo jingine. Mafundi wengi hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Zege la sentimita 10 linahitaji basi kama miezi minne, na zaidi mvua ikinyesha. Wakati mzuri wa kazi hii kwetu ni kiangazi cha kaskazi, Januari hadi mwanzoni mwa Machi, kabla ya mvua ndefu.

Hatua ya pili: tayarisha sakafu

Fagia vizuri, kisha pangusa vumbi kwa kitambaa kibichi na uache pakauke. Vumbi la simiti ndilo adui mkubwa wa gundi na utepe: hushikamana na vumbi badala ya sakafu. Kwaruza matone ya rangi na simiti yaliyoganda.

Ziba nyufa na mashimo kwa mchanganyiko wa simiti sehemu moja na mchanga laini sehemu tatu. Lowesha ufa kwanza ili simiti mpya ishikane na ya zamani. Ufa unaofunguka kila kiangazi na kufungika kila mvua ni dalili kwamba udongo chini ya nyumba unasogea. Huo mwonyeshe fundi mwashi kwanza, maana zulia litauficha tu.

Usitandike makatoni, magazeti au magunia chini ya zulia. Vitu hivyo hufyonza maji, huoza na kuita mchwa. Ukitaka ulaini, tumia sponji ya kutandika chini ya mazulia isiyonyonya maji, na kwenye sakafu kavu pekee.

Hatua ya tatu: pima chumba na ununue kwa hesabu

Tuchukue chumba cha futi 10 kwa 12, yaani mita 3.05 kwa 3.66, na roli ya mkeka yenye upana wa mita 2. Utahitaji vipande viwili kwa vyovyote vile. Ukivilaza kufuata urefu wa chumba, kila kipande kitakuwa mita 3.66 pamoja na sentimita 10 za kukata, jumla mita 7.52. Ukivilaza kufuata upana, kila kimoja ni mita 3.15, jumla mita 6.30. Vipande viwili bado vinafunika, kwa kuwa upana wake kwa pamoja ni mita 4. Chumba ni kile kile, lakini umeokoa zaidi ya mita moja. Chora mchoro kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani.

Hatua ya nne: chagua njia ya kushikilia

Kuna njia tatu zisizohitaji msumari.

Kulaza bila kubana. Hii yafaa mkeka wa mbao mzito au zulia lenye mgongo wa mpira katika chumba kidogo. Uzito wake na wa samani hulishikilia. Acha nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati ya mkeka na ukuta, kwa sababu plastiki hutanuka kwenye joto. Ukiukata ukabana ukutani asubuhi, mchana utavimba katikati.

Utepe wa kunata pande mbili. Ndiyo njia tunayoipendekeza kwa nyumba nyingi za Garsen. Hushikilia kingo na maungio, na huweza kubanduliwa.

Gundi sakafu nzima. Hii yafaa ofisi, darasa au duka lenye watu wengi, mahali palipoinuka na pakavu. Chagua gundi inayochanganywa na maji. Zile zenye harufu kali hushika moto haraka: zima jiko, usivute sigara, na fungua madirisha yote. Kwa nyumba iliyo katika njia ya maji, usitumie gundi kabisa.

Hatua ya tano: tandika

1. Likunjue zulia na uliache chumbani siku moja lizoee joto na mikunjo ilegee.

2. Bandika utepe kuzunguka chumba, sentimita chache kutoka ukutani. Usitoe karatasi ya juu bado. Mlangoni weka mistari miwili, kwa kuwa ndipo miguu huburuta zaidi.

3. Laza zulia likipanda ukutani kidogo kila upande. Anza na ukuta mrefu ulionyooka.

4. Kwenye ungio la vipande viwili, vipandanishe kwa sentimita 3, weka rula ya chuma, kisha kata vyote viwili kwa pamoja kwa kisu kikali. Ondoa mabaki. Kingo zitakutana sawasawa. Weka utepe chini ya ungio lote.

5. Inua upande mmoja, toa karatasi ya utepe, shusha zulia polepole huku ukilisugua kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Kisha nenda upande wa pili.

6. Kata ziada ya ukutani mwisho, kidogo kidogo. Kilichokatwa hakirudi.

7. Mlangoni malizia kwa bamba la alumini lililobandikwa kwa gundi.

Misikiti na madrasa zina jambo moja la ziada. Makka iko karibu kaskazini kamili kutoka Garsen. Ikiwa jengo halikujengwa kuelekea kibla, mistari ya safu ifuate kibla na si ukuta, na ziada ikatwe pembeni kwa mshazari. Anzeni na safu ya mbele.

Maji yakija

Wakaazi wa kaunti hii hawahitaji kukumbushwa mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, ya 2018, ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024. Mto wetu hupanda kwa mvua iliyonyesha mbali, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, na kwa maji yanayomwagika mabwawa ya juu yakijaa. Maji huchukua siku kadhaa kufika delta, na siku hizo ndizo nafasi yako.

Ukisikia tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa, ya wasimamizi wa mabwawa au ya chifu wako, bandua utepe kuanzia pembe iliyo mbali na mlango, kunja zulia kuelekea mlangoni, lifunge kamba na ulipeleke mahali pa juu. Andika kwa kalamu nyuma ya kila kipande chumba chake na upande wa mlango, ili kulirudisha kuwe rahisi. Lakini watu, dawa na vitambulisho hutangulia. Maji yakiwa tayari yameingia, acha zulia na uondoke.

Ukirudi, inua kila kilichobaki kwa fimbo ndefu, kwa kuwa nyoka na nge hujificha chini. Maji ya mafuriko hubeba uchafu wa vyoo. Zulia la manyoya au la sponji lililolowa zaidi ya siku mbili ni heri litupwe. Mkeka wa plastiki huoshwa kwa sabuni, kisha kwa maji yenye dawa ya klorini, na kuanikwa juani pande zote mbili. Usichanganye klorini na dawa nyingine ya kusafishia. Sakafu yenyewe iache wazi kwa wiki kadhaa, kisha rudia kipimo cha plastiki kabla ya kutandika tena.

Maswali ya kujikagua kabla ya kulipa

Je, nimepima unyevu mahali pasipopungua pawili? Je, nyufa zimezibwa na vumbi limeondoka? Je, nimehesabu vipande kwa njia zote mbili? Je, fundi ameelewa kwamba hakuna msumari? Je, watu wawili wa nyumba hii wanaweza kulikunja na kulibeba bila kusubiri msaada?

Ikiwa jibu la swali la mwisho ni hapana, badilisha mpango kabla ya kununua. Zungumza na fundi wako leo, sakafu ikiwa kavu, na umshirikishe jirani mwongozo huu.