Maji Yanayopotea Kimyakimya: Tujifunze Kutafuta Mvujo Uliofichika Nyumbani



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyetuteremshia maji kutoka mawinguni. Ndugu wanafunzi na wazazi, katika somo hili tutazungumzia jambo dogo machoni lakini kubwa katika hesabu: mvujo wa maji usioonekana.

Kwa nini tumechagua somo hili?

Kiangazi kimoja ankara ya maji ya madrasa yetu hapa Ruanda ilipanda karibu mara mbili. Tukawakemea wanafunzi wadogo kwamba wanachezea maji wakati wa kutawadha. Tukapanga zamu ya kusimamia bomba. Mwezi uliofuata ankara ikaja vilevile. Ndipo Ijumaa moja asubuhi, madrasa ikiwa imefungwa, tulipokwenda kuangalia mita. Ilikuwa inazunguka, na hakuna hata mtoto mmoja! Bomba lilikuwa limepasuka chini ya sakafu ya choo. Tuliwaomba watoto radhi mbele ya darasa zima. Surat al-Hujurat inatuamrisha kujiepusha na dhana nyingi, nasi tulikuwa tumeisomesha wenyewe.

Hesabu ya hasara

Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Mvujo unaojaza lita moja kwa saa ni lita 24 kwa siku, na lita 720 kwa mwezi wa siku 30. Tumesoma katika fiqhi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja (mudi) cha maji, na wanazuoni wengi wanakikadiria kuwa chini ya lita moja. Basi maji ya siku moja ya mvujo huo yangewatosha watu zaidi ya 24 kutawadha.

Hasara si ya fedha tu. Maji yakizama kwenye msingi, nyumba hupata nyufa, hasa ya tofali mbichi. Tena maji ya bomba yanapokatika, uchafu wa ardhini unaweza kuingia kupitia tundu lilelile, na tukanywa kinachotoka karibu na shimo la choo.

Namna ya kutafuta

1. Mita. Funga koki zote pamoja na ile inayojaza tangi, maana tangi likiwa linajaa mita itazunguka tu. Andika namba zote, hata zile nyekundu. Usitumie maji kwa saa mbili, kisha soma tena. Namba zikibadilika, au kigurudumu kidogo kikizunguka, upo mvujo.

2. Ndani au nje? Funga koki kuu ya kuingilia nyumbani. Mita ikisimama, mvujo uko ndani. Ikiendelea, uko kwenye bomba lililo kati ya mita na nyumba.

3. Choo cha kuvuta. Tia rangi ya chakula katika tangi lake dogo, usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini umechoka. Maji yakimwagika juu kupitia bomba la ziada, rekebisha boya.

4. Tangi la akiba. Usiku funga koki ya kuingiza na ya kutoa, uweke alama ya penseli usawa wa maji. Asubuhi yakiwa yameshuka, tangi lenyewe linavuja.

5. Kuta na sakafu. Tazama rangi inayobanduka, ukungu, unga mweupe kama chumvi, au sehemu isiyokauka. Lakini tusiharakishe kuvunja ukuta: mwezi wa Juni na Julai huku kwetu ni baridi, na ukuta huweza kutoa jasho. Panguse, usubiri siku ya jua. Unyevu ukirudi mahali palepale, mwite fundi.

6. Uwanjani. Katika kiangazi, majani yote yakiwa yamekauka, pakiwa na kipande cha kijani au tope juu ya njia ya bomba, hapo pana habari.

7. Sikio. Usiku wa manane gusisha nondo kwenye bomba na uweke sikio upande wa pili. Mlio wa "shhh" usiokoma ni dalili.

Ukishaupata

Funga koki kuu, mwite fundi bomba. Kufunga mpira wa baiskeli ni dawa ya muda tu. Kwa kawaida, bomba baada ya mita ni jukumu la mwenye nyumba. Ukiona mvujo kabla ya mita, usichimbe. Toa taarifa kwa mamlaka ya maji au chombo cha maji cha kijiji.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tufunge koki ya tangi kabla ya kupima mita?
2. Mvujo wa lita 2 kwa saa utapoteza uniti ngapi kwa siku 30?
3. Kabla ya kumtuhumu mtu kwa israfu, tufanye nini kwanza?

Mwanafunzi, fanya jaribio la mita pamoja na wazazi wako wiki hii, uandike majibu daftarini. Wabillahi tawfiq.